Magadi, Mbata na Ndoo ya Sabuni

Mpita njia wa leo, akishika mtaa wowote wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, hakosi kuona mbele ya vibanda na maduka chupa na madumu yaliyojaa sabuni ya maji, ya kijani, ya buluu na ya waridi, iliyokorogwa kwa ndoo uani mwa nyumba na kuuzwa kwa kipimo. Na kwa kuwa biashara hii imeshamiri katika miaka ambayo neno ujasiriamali liko katika kila kinywa, wengi huichukulia kuwa ni hila mpya iliyozuliwa na dhiki za zama zetu. Ukweli ni kinyume chake. Sabuni ya watu wa kale, waliopika kwa mafuta na majivu ya kuni, ilikuwa laini na yenye kumiminika kama hii, nayo ilikuwa kazi ya nyumbani. Tukitaka kujua ilitokaje majumbani, na kwa nini imerejea, hatuna budi kuyaacha kando mafuta, ambayo pwani yetu haikupata kuyakosa maadamu minazi ilikuwa imesimama, tukayafuata magadi. Kwa maana katika historia ya sabuni mwenye mafuta alikuwa aghalabu mtu wa kuuza mali ghafi, na mwenye magadi ndiye aliyekuwa mtu wa kuuza sabuni.

Uchafu wa nguo ni vumbi lililogandishwa na mafuta ya mwili, na maji peke yake hayawezi kuyang'oa mafuta. Lakini mafuta yakichemshwa pamoja na magadi makali huvunjika, yakazaa vitu viwili, sabuni na gliserini, na sabuni hiyo ina tabia ya kushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili. Magadi nayo ni ya namna mbili. Yatokanayo na majivu ya kuni na ya migomba yana potasiamu kwa wingi, na sabuni yake huwa laini, isiyokubali kukatwa kwa kisu. Yatokanayo na maziwa ya chumvi, au na majivu ya mimea iotayo majangwani na kando ya bahari, yana sodiamu, na sabuni yake hukauka ikawa kipande. Mama wa kale aliyekusudia kupika sabuni alitoboa chungu kitakoni, akatandika nyasi ndani yake, akajaza majivu meupe, kisha akayamiminia maji ya mvua kidogo kidogo na kukinga chini maji ya rangi ya kahawia, yenye utelezi mkononi. Maji hayo aliyachemsha yakapungua mpaka yai likitiwa lielee, ndipo alipotia mafuta. Kazi ilikuwa ya kutwa nzima, na matokeo yake hayakuwa na hakika, kwani majivu ya mti huu si sawa na majivu ya mti ule, na yai halikuwa mizani ya kutegemewa. Sabuni ikizidi magadi iliunguza mikono, ikipungua iliacha nguo na mafuta mengi kuliko ilivyokuja nayo.

Waswahili wa kale walikuwa na vitu vyote vilivyohitajika. Walikuwa na mafuta ya nazi. Walikuwa na majivu. Walikuwa na chokaa ya matumbawe, iliyochomwa katika matanuri kwa ajili ya kujengea misikiti na majumba na kwa kuliwa katika tambuu. Chokaa hiyo si kitu cha kudharau, maana ikichanganywa na maji ya majivu huyaongezea ukali, na kwa maarifa hayo hayo mafundi wa Nablus, katika Palestina, walipika kwa mafuta ya zeituni, chokaa na majivu ya mimea ya jangwani sabuni iliyopata sifa katika nchi za Kiarabu kwa karne nyingi. Hata hivyo pwani yetu haikupata kuwa Nablus. Kwa maoni yangu sababu yake haikuwa ujinga, bali ni kwamba haja ilikuwa ndogo na badala zilikuwa tele. Majani ya mkunazi yakipondwa na kufikichwa majini hutoa povu, na hayo hutumika mpaka leo, pamoja na kafuri, katika kuosha maiti kwa mujibu wa sunna. Vyombo vilisuguliwa kwa majivu na mchanga. Na nguo, ambayo kwa watu wengi ilikuwa moja au mbili, ilipigwa juu ya jiwe na kuachiwa jua kali limalize kazi.

Kwingineko barani mimea ya namna hiyo ilipewa heshima kubwa zaidi. Huko Uhabeshi wanawake walifua kwa tunda la mmea waitao endod, na mwaka 1964 mwanasayansi wa nchi hiyo, Aklilu Lemma, alipokuwa katika mji wa Adwa aliona kuwa chini ya mahali pa kufulia mtoni konokono walikuwa wamekufa kwa wingi, naye kwa kuchunguza akathibitisha kuwa povu lile lile litoalo uchafu wa shuka huwaua konokono wanaobeba kichocho. Wafuaji wale walikuwa wakiifanya kazi ya idara ya afya pasina mshahara wala kutambuliwa.

Kilichobadilisha mambo pwani ni nguo. Mwaka 1833 Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na majahazi ya Salem, katika jimbo la Massachusetts, yakawa yakiteremsha Unguja majora ya pamba ambayo watu waliyaita merikani. Katika nusu ya pili ya karne ile kanga zikaingia, na kanzu nyeupe, ambayo zamani ilikuwa vazi la wenye nafasi, ikaenea kwa watu wa tabaka zote. Nguo ikizidi, na ikiwa nyeupe, jiwe na jua havitoshi. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, katika kumbukumbu zake alizozichapisha Ujerumani mwaka 1886, amegusia jinsi nguo za nyumba za kifalme zilivyofuliwa siku baada ya siku na jinsi zilivyokauka upesi katika jua la Unguja. Msomaji asisahau kwamba mikono iliyofua ilikuwa ya watumwa. Baadaye wakaja madobi wa Kihindi, ambao kufua kwao ilikuwa kazi ya ukoo, wakaleta buluu ya kung'arishia, kanji ya kukazia na pasi ya mkaa, na mtu wa mjini akazoea kupeleka kanzu yake ikiwa imekunjana na kuipokea ikisimama peke yake. Dobi wa namna hiyo, mwenye mzigo wa nguo za nyumba ishirini, hawezi kungoja majivu yachuje. Yeye anahitaji sabuni ya kipande.

Tena pwani ina adha yake ambayo mtu wa bara hawezi kuielewa upesi. Maji ya visima vyetu hupita katika mwamba wa matumbawe na kubeba chokaa, na sabuni ya kawaida ikikutana na chokaa hiyo huganda ikawa utando mweupe unaoshika nguo na beseni, hata mfuaji akadhani kuwa ameuziwa sabuni mbovu, ilhali kosa ni la kisima. Sabuni ya mafuta ya nazi ina uvumilivu zaidi, nayo hutoa povu hata katika maji ya bahari, ndiyo sababu ilipendwa na mabaharia. Kwa hiyo mnazi, ambao ndio uliotujaa, ndio hasa uliotufaa. Na hapo ndipo yanapoonekana maajabu ya biashara, kwani mnazi huo ulisafiri kwanza mbali sana kabla ya kurudi kutufulia nguo.

Mwaka 1791 tabibu wa Kifaransa, Nicolas Leblanc, alipewa hataza ya kutengeneza magadi kwa chumvi ya kawaida. Mapinduzi ya nchi yake yalimpokonya kiwanda, naye akajiua mwaka 1806 akiwa fukara, lakini njia yake ilibaki; na baada yake Mbelgiji Ernest Solvay, katika mwaka 1861, akapata njia iliyo rahisi na nafuu kuliko ile. Baina ya hao wawili alitokea Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha mwaka 1823 utafiti wake juu ya mafuta, akabainisha kitu gani hasa hutokea ndani ya sufuria ya sabuni, na tangu hapo upishi wa kubahatisha ukageuka kuwa hesabu: kilo moja ya mafuta ya nazi hutaka kostiki, yaani magadi makali, ya sodiamu gramu 180 hivi, au ya potasiamu gramu 250 na kidogo. Siku ambayo magadi yalitoka kiwandani kwa tani, na kipimo chake kikajulikana, chungu kilichotobolewa kitakoni kilishindwa. Hakushindwa mama kwa ufundi, alishindwa kwa bei.

Mji wa Marseille ndio uliofaidi mwanzo. Amri ya mwaka 1688, iliyotolewa chini ya mfalme Louis wa 14, iliwalazimisha mafundi wake kutumia mafuta ya zeituni peke yake, lakini katika karne ya 19 viwanda vya hapo vilifungua milango kwa mafuta ya nchi za joto, ya karanga, ya mawese na ya nazi. Mbata za Unguja na Pemba, zilizopasuliwa na kuanikwa na wakulima wetu, zilipakiwa merikebuni pamoja na karafuu, na Marseille ilikuwa miongoni mwa bandari zilizozipokea. Mkwezi alilipwa kwa hesabu ya minazi aliyoikwea, na mwenye shamba alilipwa kwa uzito wa mbata. Kipande cha sabuni kiliporudi dukani kimepigwa muhuri na kufungwa karatasi, wote wawili walikinunua kama watu ambao hawakuhusika nacho kamwe.

Hadithi ya mawese ni chungu zaidi. Mwingereza William Lever, aliyeanza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884 na kuwajengea wafanyakazi wake kijiji kizuri cha Port Sunlight mwaka 1888, alifunga mkataba na serikali ya Ubelgiji mwaka 1911 ili apate mawese ya Kongo, akaanzisha kituo cha Leverville katika nchi ya Kwilu. Watu wa huko walisukumwa kwa kodi na kwa nguvu za dola kukwea michikichi na kukata mikungu, na mwaka 1931 Wapende walipoasi, mamia yao waliuawa. Kijiji cha Uingereza chenye bustani na jumba la sanaa hakitajwi aghalabu katika sentensi moja na Kwilu. Mimi naona vinastahili kutajwa pamoja, kwa kuwa vilikula katika sahani moja.

Na katika mwaka huo huo wa 1911 kampuni ya Magadi Soda iliundwa ili kuchimba ziwa la Magadi, lililo katika Bonde la Ufa kusini mwa Kenya, katika nchi ya Wamasai. Ziwa hilo ni hazina ya ajabu. Chemchemi za moto huliletea magadi mapya kila leo, jua huyakausha yakawa tabaka gumu jeupe, na mahali palipochimbwa hujijaza tena. Reli ya tawi ilijengwa kutoka Konza, magadi yakachomwa, yakasagwa, yakapelekwa Mombasa na kuvuka bahari, mengi yakitumika katika viwanda vya vioo. Ndivyo ilivyokuwa kwamba Afrika Mashariki ilikuwa na nazi pwani, mawese Kigoma na Kongo, chokaa kila penye matumbawe na magadi ya kuulisha ulimwengu, huku ikinunua sabuni. Viwanda vyetu vilifuata baadaye, vingi vikiwa mali ya wafanyabiashara wa Kihindi, wakitoa ile sabuni ya mche ambayo mwenye duka aliikata kwa kisu kulingana na senti za mteja. Lakini kostiki, ambayo ndiyo roho ya kazi, iliendelea kutoka ng'ambo.

Udhaifu huo ulidhihirika katika Tanzania baada ya mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, vita vya Kagera vikafuata, bei ya petroli ikapanda, fedha za kigeni zikaadimika, na viwanda vilivyongoja kostiki ya meli vikazizima. Wenye umri wanakumbuka foleni za maduka ya kaya, kibali cha kununulia kipande kimoja, na msako wa walanguzi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine mwaka 1983, wakati ambapo watu waliokuwa na katoni za sabuni uvunguni waliona heri kuzitupa usiku kuliko kukutwa nazo asubuhi. Uganda nayo, baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, iliionja dhiki ile ile. Hapo ndipo akina mama walipoyarudia majani. Majani ya mpapai yalifikichwa katika beseni na nguo zikalowekwa humo, nao vijana wa leo wakisimuliwa hucheka. Wasicheke sana, maana utomvu wa mpapai una kimeng'enya kinachoyeyusha jasho na damu iliyoganda, na vimeng'enya vya jinsi hiyo ndivyo vinavyotiwa leo katika sabuni za unga za bei kubwa.

Dhiki ile ilikuwa mwalimu. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, na vikundi vya wanawake vya mijini na vijijini, viliueneza ujuzi wa kupika sabuni ya kipande kwa kostiki na mafuta ya mbegu, na milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980 ujuzi huo haukufa, bali ulibadilisha mali ghafi. Na mali ghafi hiyo mpya ilikuwa na nasaba yake ya mbali, nayo pia ni nasaba ya dhiki. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Wajerumani, walipokosa mafuta ya kupikia sabuni, walianza kutengeneza viosheo visivyohitaji mafuta ya mnyama wala ya mmea. Baada ya Vita vya Pili Marekani ilitoa mwaka 1946 sabuni ya unga ya Tide, na punde tu viosheo vilivyotokana na petroli vikaizidi nguvu sabuni ya asili. Vya kwanza havikuoza, hata mito ya Ulaya na Marekani ikafunikwa na povu jeupe, Ujerumani Magharibi ikapitisha sheria ya kuvizuia mwaka 1961, na viwanda vikalazimika kubadilisha umbo la kemikali hiyo ili vijidudu vya maji viweze kuila. Kemikali iliyorekebishwa hivyo ndiyo asidi ya salfoniki, ile rojo nyeusi nyeusi iuzwayo leo kwa lita Kariakoo.

Mama anayeianza kazi hii kwa mara ya kwanza hana chungu wala majivu. Ana ndoo, mwiko mrefu wa mbao, lita moja ya asidi ya salfoniki, magadi soda, slesi, chumvi, rangi na manukato, na maji ya lita 20 hivi. Anayayeyusha magadi katika maji, anaimimina asidi taratibu, na mchanganyiko unachemka povu bila moto, kwa sababu asidi na magadi vinapigana na hewa inatoka. Vita vikiisha, asidi imekwisha ukali wake na imekuwa kiosheo. Kisha anatia slesi ya kuzidisha povu, na mwisho chumvi, ambayo ndiyo inayoifanya sabuni ikolee, ingawa chumvi ikipita kiasi sabuni hugeuka ikawa nyepesi tena kama maji, na hapo ndipo wanafunzi wengi hutokwa machozi. Kila mwalimu wa kazi hii hushikilia kwamba mwiko uende upande mmoja tu, kulia au kushoto, usigeuzwe. Kemia haijui kulia wala kushoto, bali nashuku kuwa sharti hili lina hekima yake, kwa kuwa anayekoroga upande mmoja hukoroga polepole na haingizi hewa nyingi. Ndoo hufunikwa, ikaachwa mpaka kesho yake ili povu litulie, ndipo ijulikane kama kazi imefaulu.

Sabuni hiyo haigandi katika maji ya kisima cha matumbawe, na hilo peke yake linatosha kueleza kwa nini pwani imeipenda. Lakini tusijidanganye juu ya kurejea kwake. Mnazi hauna fungu kubwa ndani ya ndoo ile, kwa kuwa asidi ni mtoto wa petroli na huja kwa meli. Magadi soda huenda yametoka Magadi, huenda yametoka mbali zaidi. Iliyorudi nyumbani ni mikono, na faida ya mikono, ambayo kwa mama wa Mbagala ni ada ya shule na kodi ya chumba. Mali ghafi bado inasafiri kama ilivyosafiri mbata. Anayetaka sabuni ya maji ya kweli, ya mafuta ya nazi na kostiki ya potasiamu, anaweza kuipika, na atapata kitu chema kuliko vyote vilivyomo madukani, ila aandae fedha nyingi zaidi na saa kadhaa za moto.

Kwenu mnaokoroga na mnaokusudia kuanza, nina ombi ambalo si la historia. Kostiki hutiwa katika maji, maji hayatiwi juu ya kostiki, kwani hulipuka usoni. Asidi isipotoshelezwa na magadi huchoma mikono ya mteja na nguo yake, na karatasi ya litimasi ya kupimia ni rahisi kuliko lawama. Na zile chupa za maji ya kunywa mnazojazia sabuni ya rangi ya waridi, zibandueni karatasi zake za zamani, mwandike juu yake kwa herufi kubwa kuwa ni sabuni, tena mziweke mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.